Kina Kilichovunjika Mstari wa Tatu

Karatasi ilibanduliwa asubuhi kwenye mashine ya kuchuma chai, ile moja iliyosalia. Nyingine iliteketezwa Jumanne. Bosire, mkuu wa walinzi wa shamba, akaitandaza mezani mbele ya Aron.

"Si wewe ndio unajiita malenga Kapsoit nzima? Haya, nitafunie hii."

"Sijiiti, mkubwa. Ndivyo nilivyo."

Dirishani, polisi wawili walikuwa wakinywa chai. "Aliyeandika ndiye aliyechoma," mmoja akasema. "Tukimjua, leo analala ndani."

Aron akasoma kwa sauti, akigonga meza kwa kila silabi:

*Mashine mmezileta, mikono mwaitupia,*
*Chai yetu mwaikata, kama majani ya njia,*
*Moto utakapowaka, maji hamtafikia,*
*Siku hiyo mtajuta, lango mtakimbilia.*

"Mizani nane kwa nane. Huyu habahatishi. Sikiza katikati: *ta*, *ta*, kavu kama panga kwenye kigogo. Halafu mwisho *ia*, *ia*, kilio cha matanga. Mstari wa tatu..."

Kidole kikasita. *Waka*: *ka*, si *ta*.

Dorine, mchuma chai ambaye Aron mwenyewe alimfundisha kuhesabu mizani, alivunja kina cha kati kwenye mstari huo huo wa tatu katika kila shairi, makusudi. Waligombana Jumapili nzima. "Hapo nataka sikio lijikwae, mwalimu," alimwambia, akicheka. Mashairi yake matano yalikuwa kwenye ubao wa vijana kanisani, na jina lake chini ya kila moja.

"Mstari wa tatu una nini?"

"Hakuna kitu. Vina vimetimia."

"Usinidanganye, kijana. Hata mimi nimesikia pamekwama." Bosire akagusa mstari wa tatu. "Nani hapa huandika hivi?"

Je, ni kweli Dorine alichoma? Aron hakujua. Alijua tu kwamba kutoka hapo hadi kanisani ni mwendo wa dakika tano.

"Kila anayejifunza hukosea hapo," akasema. "Hata mimi."

Bosire akaangua kicheko. "Wewe? Juzi kwa harusi ya kina Tecla ulishika maikrofoni ukatuapia hujavunja kina tangu uzaliwe!"

Polisi nao wakacheka, kisha wakawa wanamtazama.

Aron akaitazama ile *ka*.

"Basi hapa ndipo nilipokivunja mara ya kwanza."

Polisi mmoja akaweka kikombe chini.