Mwulizeni Mwenyewe

"Kwa kunyamaza, mtaa huu hanipati mtu," alijigamba mama mmoja mbele ya jirani yake, mkono kiunoni, ameegemea mlango wa jiko. Kisha akaeleza alivyonyamaza alipopandishiwa kodi, alivyonyamaza msibani walipomsahau kwenye chakula, alivyomnyamazia wifi yake tangu asubuhi hadi machweo. Na yale maneno aliyomnyamazia wifi akayataja yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya wifi na kwa sauti yake, mpaka maji ya jirani yakachemka, yakakauka, na sufuria ikaanza kunuka.

"Haya, kwa kunyamaza nimesema mengi," alikiri mwenyewe, akacheka mpaka akashika mbavu. "Lakini kesho utaona. Kesho mimi ni jiwe."

Mtaa ulimwita Redio, na jina hakulikataa. Mdomo wake ulikuwa na historia. Binti yake wa pekee alipoteza macho kwa surua akiwa bado ananyonya, na tangu siku hiyo mama akawa ulimi wa watu wawili. Zahanatini, shuleni, dukani, swali lilipotupwa yeye ndiye aliyelidaka hewani: anaitwa fulani, anaumwa tumbo, chai anataka sukari nyingi. Binti hakupenda sukari. Alikuja kulisema hilo akiwa mtu mzima, amekwisha kuajiriwa, na Redio alilitazama bakuli la sukari kama ndugu aliyemsaliti.

Sasa binti huyo alikuwa afisa wa ustawi wa jamii katika halmashauri, na kesho yake ilikuwa siku aliyoipigania kwa muda mrefu. Kila mwaka halmashauri ilimkodi mtaalamu kuja kuwafunza watumishi namna ya kuwahudumia watu wenye ulemavu. Mtaalamu aliwafunga vitambaa machoni, akawazungusha katikati ya meza, wakagongana, wakacheka, wakanywa soda, wakapewa vyeti. Wiki iliyofuata walirudi madirishani kuwahudumia watu vilevile kama zamani. Binti alisema na alisema, mpaka mkurugenzi akachoka kumsikia. "Nakupa siku moja uendeshe wewe," alimwambia. "Ikienda ovyo, tunarudi kwa mtaalamu wetu, na hili jambo usiniletee tena mlangoni."

Jioni ile binti alimwambia mama yake, kwa upole wa mtu aliyekwisha kukata shauri, "Mama, kesho usije."

"Kwani nanuka?"

"Wananchi wamekaribishwa kukaa nyuma ya ukumbi. Lakini wewe nakujua, utajibu."

"Nitajibu nini mie, mtu asiyeulizwa?"

"Hujawahi kuulizwa, mama. Na hujawahi kukosa kujibu."

Redio akasema basi, haendi, ana nguo za kufua, tena mguu unamsumbua. Alisema kwa unyonge wa kupendeza sana. Asubuhi, mara gari la ofisi lilipomchukua binti, alikuwa amekwisha kujifunga mtandio.

Alijipanga kama mwizi wa siku nyingi. Hakujipaka dawa ya kuchua goti, maana harufu yake binti angeinusa hata kwenye umati, na goti likamlipiza kwa kila ngazi. Mlangoni mwa ukumbi alivua ndala zake zinazopiga kofi sakafuni, akazishika mkononi, akapita peku hadi benchi la mwisho. Mzee aliyekaa hapo alimtazama miguu. Redio akamtazama naye vikali, mzee akageukia mbele.

Mbele palikuwa na meza moja iliyofanywa dirisha la huduma. Binti alikaa upande wa mwananchi, fimbo yake nyeupe imelala mapajani. Kando yake alisimama dereva wa lori la taka, pande la mtu, mabega ya kujaza mlango. Watumishi walipangwa foleni, wa leseni, wa ardhi, wa afya, wa usafi, na mkurugenzi akiwa mmoja wao, maana binti alisema foleni haina cheo.

"Mimi ni mwananchi nimekuja kwenye ofisi yenu," alisema binti. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika hadi benchi la nyuma na kukaa. "Huyu bwana ni msindikizaji wangu. Kila mmoja wenu aje anihudumie. Anayekosea anarudi mwisho wa foleni. Sina hotuba."

"Nami nimeambiwa leo ni ukuta," akaongeza dereva. "Sijibu salamu wala matusi."

Watu wakacheka. Wa kwanza alikuwa karani wa leseni, kijana wa tai na tabasamu la dukani. Alikaa, akaweka kalamu sawa, akainua uso kwa dereva. "Karibuni sana. Anaitwa nani?"

Dereva akaangalia dari.

"Kitambulisho chake amekuja nacho?"

Dereva akazidi kuangalia dari, kana kwamba anataka kuinunua.

"Rudi nyuma, ndugu yangu," alisema binti. "Umemuuliza ukuta."

Ukumbi ulilipuka. Afisa ardhi, aliyekuwa akimcheka karani kuliko wote, alikuja na somo kichwani. Akamwinamia binti usoni, akapaza sauti kama anayeita ng'ambo ya mto, "HUJAMBO MAMAAA!"

"Sijambo. Macho ndiyo hayapo, dada, masikio yote mawili yamekuja. Rudi nyuma."

Mhasibu alijitahidi. Alisalimu vizuri, akauliza shida vizuri, kisha wakati wa kutia sahihi akamgeukia dereva bila kujijua, "Mwambie aweke hapa." Alipogundua alijipiga kofi la paji la uso, akaondoka mwenyewe kabla hajafukuzwa. Binti akampisha fundi cherehani mmoja, kiziwi, aliyekuja na mkalimani wa lugha ya alama. Watumishi wakamgandia mkalimani macho, mmoja baada ya mwingine, na fundi akakaa katikati kama kiti. Kicheko kikaanza kupungua. Watu sasa walikuwa wanayasikia maneno yao wenyewe.

Kule nyuma Redio naye alikuwa ameacha kucheka. Kila karani alipomuuliza dereva, jibu lilimpanda yeye kooni. Jina la binti alilijua, kitambulisho alijua kilipo, sahihi alijua anavyoiweka. Maneno yalimwasha mdomoni kama pilipili. Alimtazama dereva, jitu lile lenye kijasho chembamba juu ya mdomo, akashangaa linawezaje. Halikuwa linajikaza. Lilikuwa limesimama tu kando ya mtu, likijua kwamba mtu yule ana kinywa.

Basi ikafika zamu ya mkurugenzi. Binti alikuwa amerudi kitini. Mkurugenzi alikuja kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuona makosa ya wenzake, akavuta kiti, akakohoa kidogo, akasema kwa heshima zote, "Habari za asubuhi. Leo tunamsaidia nini?" Na macho yake, maskini, yalikuwa kwa dereva.

"Mkurugenzi," alisema binti, "rudi mwisho wa foleni."

Kalamu ya mtu ilianguka mahali fulani, ikabingirika, haikuokotwa. Uso wa mkurugenzi ulibadilika rangi. Redio alijikuta amenyanyuka nusu. Maneno yalikuwa tayari, tena si mapya. Aliwahi kuyatumia kwa mwalimu mkuu, kwa daktari, kwa mwenye nyumba: Msamehe, mheshimiwa, mtoto huyu hana nia mbaya, mimi ndiye mama yake. Yalimfika kwenye meno. Na hapo, kwa mara ya kwanza, akayasikia yanavyosikika kwa binti aliyezoea kukaa kando yake. Akaona kaunta zote za maisha yao, na yeye amesimama pembeni, haangalii dari hata mara moja.

Binti hakuomba radhi, hakucheka kupoza. Mikono yake ilitulia juu ya fimbo.

Redio akakaa. Akakunja ncha ya mtandio, akaitia mdomoni, akaiuma.

Mkurugenzi alisimama. Alitazama mlango, akatazama foleni, kisha akatembea hadi mwisho, nyuma ya mama wa usafi, aliyemsogezea nafasi kwa kumpapasa begani kama mtoto aliyeanguka mchezoni. Foleni ilisogea. Sasa watu walikuwa wanajifunza kwa macho. Mama wa usafi alihudumia vizuri, na karani wa leseni aliporudi alimuuliza binti jina lake kwa sauti ya kutetemeka, akajibiwa, akapigiwa makofi kama bwana harusi. Zamu ya mkurugenzi ilipofika tena, alikaa, akasogeza kiti karibu, na hakumtazama mtu mwingine.

"Habari yako, dada. Mimi ni mkurugenzi wa halmashauri. Nikusaidie nini?"

"Nzuri, ndugu mkurugenzi. Nina mambo mawili. Ofisi ya ustawi iko ghorofani, na wenzangu wa viti vya magurudumu hungoja chini ya ngazi kama mizigo. Nataka ishuke. La pili, asikabidhiwe dirisha mtumishi mpya kabla hajakaa kwenye foleni hii."

Shingo ya mkurugenzi ilianza kugeuka kwa dereva, kwa mazoea tu. Aliishika njiani, akairudisha. Hata dereva alitabasamu kwenye dari.

"Ofisi itashuka," alisema. "Na foleni hii ni yako. Mtaalamu nitamwandikia asisumbuke kuja."

Makofi yalipoanza, Redio alikuwa amejaa kama puto. Alitaka kupanda juu ya benchi awatangazie kuwa huyo ni wake, kamzaa yeye, kamnyonyesha yeye. Alijua akibaki pale dakika nyingine hatajizuia. Akanyakua ndala zake, akatoka mbio na goti lake bovu, machozi na kamasi vikigombania uso.

Binti aliporudi alimkuta uani, mikono imezama kwenye beseni la nguo ambalo povu lake lilikuwa bado bichi.

"Umeshinda wapi, mama?"

"Nishinde wapi mie? Hapa hapa na nguo zangu. Mguu umenikataa tangu asubuhi. Haya, kaa unisimulie, maana mie sijui lolote."

Binti alikaa kwenye kigoda, akaweka fimbo kando. Alisimulia polepole, na mama akaguna penye kuguna, akashangaa penye kushangaa, akauliza "Hee, mkurugenzi mwenyewe?" kwa ustadi ambao ungemfaa mwigizaji.

"Lakini aliyenifurahisha zaidi ni karani wa leseni," alisema binti. "Alikuwa wa kwanza kabisa, na hakukosea hata neno moja."

"Yule?" Redio alichomoa mikono majini. "Yule wa tai, aliyemuuliza dereva unaitwa nani, utadhani wewe gunia?"

Povu lilikuwa likimdondoka viwikoni. Binti akamgeuzia sikio.

"Ndivyo nilivyosikia," alisema Redio.

"Kwa nani?"

"Kwa watu. Watu wanasema."

"Ahaa." Binti alipapasa, akaokota soksi iliyoangukia mguuni pake, akaitupia beseni bila kukosea. "Dereva naye kaniambia kuna mama mmoja alitoka mbio wakati wa makofi, anajifuta uso. Nimewaza njia nzima, sijui alikuwa analia, sijui ana mafua."

"Mafua," alijibu Redio.