Mita Inayoteta

Redio ya nne asubuhi hiyo ilirudishwa na mwalimu mstaafu. Aliitua kwenye meza ya Mama Waya, fundi redio wa mtaa, kama mtu anayerudisha mayai viza, akasema fundi alipokea redio inayokohoa akamrudishia inayokaanga.

Mama Waya alikuwa na miaka kumi na minane katika ufundi, na alikuwa hajapata kurudishiwa redio nne kwa mwaka, seuze kwa asubuhi moja. Aliifungua, akaikuta nzima. Ubaya ulikuwa ukutani. Mita mpya zilizofungwa mtaa mzima mwezi uliopita zilipeleka hesabu ofisini kwa kupitia nyaya zilezile za umeme. Kila mita ikisema, nyaya zinatangaza, na redio zinasikia.

Mwalimu alisikiliza maelezo hayo mpaka mwisho. "Kwa hiyo mita inateta, fundi hana kosa?"

Majirani wakacheka. Mama Waya hakucheka. Redio ina spea. Jina la fundi halina.

Akaibeba redio ileile mpaka ofisi ya umeme. Karani akamsukumia fomu ya malalamiko ya kelele, yenye visanduku vitatu: baa, harusi, mashine ya kusaga. Mama Waya akaandika pembeni: mita. Karani akamwambia pembeni hapasomwi, na tena kelele yenyewe sharti ofisi iisikie kwa masikio yake.

"Haya mwanangu, sikia," akasema Mama Waya, akaiwasha redio.

Ikasema safi kama maji ya mtungini. Taarifa ya habari, neno kwa neno. Foleni nzima ikatulia kusikiliza.

"Redio nzima hii, mama," karani akasema. "Unalalamikia nini?"

Mama Waya akazunguka kaunta bila kukaribishwa, akatazama ukutani. Palikuwa na mita ya zamani, kisahani chake kikizunguka taratibu kama mtu aliyeshiba.

"Mbona nyie hamjafunga mpya?"

Karani akashusha sauti. "Bosi alikataa. Anasikiliza mpira."

Mama Waya hakubishana. Alikaa kwenye benchi la wateja, akampigia simu mwalimu kwamba redio imepona, aje kuichukua ofisi ya umeme. Wale watatu wengine wa asubuhi nao akawaambia wapitie redio zao karakanani kwake, waje nazo.

Kufikia saa sita benchi lilikuwa limejaa redio, zote zikisema vizuri, na mwalimu alikuwa akimwomba fundi radhi kwa niaba ya wenzake. Karani akatoka kaunta, akauliza kelele zote hizi za nini, hii ni ofisi au karakana.

"Jaza fomu," Mama Waya akamwambia. "Andika pembeni."