Mfuniko wa Bi Teodora

Justa, mchuuzi wa samaki, alilitua debe mezani kwa kishindo, bisibisi zikaruka, na harufu ikatuingia kooni kabla yeye mwenyewe hajasema neno. Ndani mlikuwa na mapanki, yale mafuvu na miiba ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya. Yalikuwa yameiva. Si kwa moto, kwa jua.

"Nani mwenye hiki kitu?" akafoka.

Nikanyoosha mkono. Mdomo sikuufungua, na kwa anayenijua mimi, Malimi, huo ulikuwa muujiza wa kutangazwa kanisani.

Lakini ndiyo ilikuwa sheria. Katika karakana yetu ya Mkuyuni, Mwanza, kila Ijumaa kitu ulichokibuni kiliwekwa mezani kikasemwa hadharani, na wewe mwenyewe ulikaa kimya. Unatazama, unasikia, unameza. Ukijitetea, mlango ule pale. Bi Teodora, mwalimu wetu, alituambia mapema: kitu kikifika kwa mteja, ninyi hamtakuwa mmejificha ndani yake mkitoa maelezo. Basi zoeeni kunyamaza. Mwenye kitu hasemi.

Bi Teodora hakuwa mtu wa kutabasamu. Alichora zana za kilimo kiwandani tangu usichana wake, kisha kiwanda kikauzwa, na mnunuzi akaona mashine zinafaa ila watu hawafai. Akaja kwetu na kalamu zake na hasira zake zote. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, cheti changu kikubwa kikiwa kuchekesha watu, nikadhani nimepewa uwanja. Yassin, mtoto wa mafundi bati aliyeota meno akitafuna misumari, alipoleta jiko lake la kwanza, nilisema linamfaa sana anayetaka kuchoma nyumba bila kununua petroli. Watu wakavunjika mbavu. Yassin akanitazama kama fundi anayenipimia jeneza.

"Redio imemaliza vichekesho," Bi Teodora akasema. "Sasa itueleze moshi unavujia wapi."

Sikujua. Tangu hapo nikawa Redio, na vita vikawa rasmi. Nikicheka, alinisimamisha. Nikinyamaza, aliuliza kama betri zimekwisha.

Kazi ya mwisho ilikuwa chombo cha wanawake wanaochuuza mapanki. Waliyabeba kwenye mabeseni kichwani, maji ya samaki yakiwachuruzikia shingoni, na kwenye kivuko cha Sengerema abiria wenzao waliwasukuma pembeni kama wagonjwa wa upele. Atakayebuni chombo kinachofaa angebaki karakanani, na meza yake, na jiliwa yake ya kubania bati. Meza ilikuwa moja. Waliobaki kwaheri. Kwangu mimi kwaheri maana yake ilikuwa kuvuka maji kurudi kwenye pamba ya baba, nikichekesha ng'ombe mpaka uzee, na ng'ombe wa kwetu hawacheki.

Bi Teodora alitukataza kuwahoji wale akina mama. Mtu ukimuuliza, alisema, atakujibu kwa adabu. Mikono haina adabu, tazameni mikono. Nikashinda ufukweni natazama mikono mpaka mama mmoja akaniuliza kama natafuta mchumba. Kila mmoja, baada ya hatua chache, mkono wake ulipanda kufuta shingo. Ndipo nikachukua debe la mafuta ya kupikia, nikalichomea sakafu ya pili yenye matundu, samaki wakae juu, maji yabaki chini. Juu nikaliacha wazi. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho sikukifanyia mzaha.

Bi Teodora alilipindua, akapitisha kidole ukingoni, akalirudisha.

"Weka mfuniko."

Nikamwambia wanawake wale hawafuniki. Akasema hawafuniki kwa kuwa hawajawahi kupewa mfuniko, na kwamba siku hizi bidhaa za nje zinaingia zimefungwa vizuri mpaka kiberiti, mimi nataka samaki atembee uchi. Nizungushie mpira wa tyubu ubane sawasawa, au nibebe debe langu nirudi kwetu. Nikauweka. Ulibana kiasi kwamba kuufungua ilibidi upige goti. Justa, mwenye ulimi mkali kuliko wote pale ufukweni, akakubali kulijaribu, akaondoka nalo kwenda kuchuuza Buswelu.

Na sasa alikuwa amerudi.

Tone halikudondoka, hilo alilikubali, kwa uchungu wa mtu anayesifia mboga ya mke mwenzake. Lakini hakuna mteja aliyemsogelea. Bati limefunikwa, limebanwa kwa tyubu, liko kichwani mwa mwanamke anayetoka ziwani na mwendo wa haraka: nani Mwanza asiyejua kwamba humo mna gongo ya magendo? Walevi wawili walimfuata nyuma wakimnong'oneza kama anapima kwa glasi. Baada ya walevi wakaja mgambo. Wakamkalisha chini kando ya barabara wakibishana nani afungue, maana kila mmoja aliogopa kulipukiwa. Walipolifungua, mapanki yalikuwa yameshakuwa supu isiyo na chumvi.

"Nimekalishwa juani kama mwizi," Justa akasema, na sauti yake ikashuka. "Mama mkwe wa binti yangu akapita. Akaniona. Hakunisalimia."

Nilikuwa na utani juu ya gongo ya sangara. Uliniwasha ulimi mpaka machozi yakanilenga. Nikauma meno.

Ndipo Bi Teodora akafungua mdomo. "Tuelewane, mama. Mfuniko ni kwa ajili ya afya. Wale mgambo ungewaeleza kwamba..."

"Mwenye kitu hasemi, mwalimu."

Ilikuwa sauti yangu. Haikuwa na kicheko ndani yake, na labda ndiyo maana hakuna aliyecheka. Yassin aliacha kuchezea koleo. Kila aliyekuwa mle alijua mfuniko ule ulitoka kichwani mwa nani, na kila mmoja alijua pia kwamba nimeshaivunja sheria, mlango ule pale.

Bi Teodora alinigeukia. Mshipa ulimsimama shingoni. Kisha akavuta benchi la wanafunzi, akaketi, akakunja mikono.

"Endelea, mama," akasema. "Sema yote."

Justa akasema yote, na mengine ya kuonea. Alitaka debe liwe kubwa zaidi na jepesi zaidi, akatukana rangi yake, akatukana waliotuzaa. Bi Teodora hakukohoa. Justa alipoondoka, mwalimu alichukua koleo akaung'oa ule mpira kwenye mfuniko, kipande kwa kipande.

"Meza chukua wewe," akaniambia bila kuinua macho. "Ni kwa ile sakafu. Si kwa mdomo wako."

Yassin alifunga nyundo zake ndani ya shati, akapita mbele yangu, akatema mate nje ya kizingiti.

Jumatatu nilifika mapema, nikamwamkia Bi Teodora shikamoo. Hakuitikia, siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na tulifanya kazi chumba kimoja mpaka karakana ilipofungwa. Alisukuma tu kipande cha bati kwa kidole, kikasimama mbele yangu.

"Justa anakuja mchana kuchukua jingine," akasema. "Kata."