Matambara ya Kuomba

Nilirudi nyumbani miguu imevimba, kapu kichwani. Aliyeniona njiani angedhani natoka sokoni. Nilikuwa natoka kuomba matambara.

Mkamwana wangu Albertina, mke wa mwanangu Thabiti, alikuwa ameingia mwezi wa kuzaa. Watoto wake wawili wa kwanza tuliwazika kabla hawajaota jino. Na kwetu Mikindani, mtoto anayefuata wafu hanunuliwi kitu kipya. Huvishwa matambara ya kuomba, huitwa jina la ovyo, ili mauti yakichungulia yaone hapa hakuna cha maana. Tena matambara hayaombwi popote tu. Sharti yatoke kwa mwanamke ambaye hajazika mtoto, na mwanamke huyo mjini kwetu ni adimu kama maziwa ya kuku. Nilipiga hodi nyumba za mawe na za makuti. Wengi walinikaribisha, wakanipa maji ya kunywa, kisha wakatazama chini. Nilishukuru maji nikaenda zangu.

Aliyenifaa ni Mwanakombo, anayekaa nyuma ya msikiti, ambaye Mungu amemwachia wanawe wote.

"Mtu mzima unazunguka na kapu kama muuza dagaa," alinitania. Lakini kanga zake kuukuu alizifua kwanza ndipo akanipa.

Mengine yalikuwa tayari. Thabiti, mpakiaji wa korosho bandarini Mtwara, alileta sanduku la mbao lililotupwa. Nililisugua kwa mchanga mpaka vibanzi vikaisha, nikatandika kigodoro cha sufi niliyotoa kwenye mto wangu mwenyewe. Mafuta ya nazi nilikamua mimi. Albertina hakugusa kitu. Alikaa uani akimenya mihogo, akanitazama kama anatazama shughuli za jirani. Nilichoka naye kuliko nilivyochoka na njia, na siku nyingine nilimnunia mpaka chakula kikanishinda.

Siku ile niliinama kuweka zile kanga ndani ya sanduku, chini ya kitanda chake. Mkono ukagusa kifurushi. Nikakifungua: bafta ya pamba, nyeupe, mpya, bado inanukia duka. Damu ikanichemka. Nilitoka nayo mpaka uani.

"Albertina, mimi nakwisha miguu kwa kuomba, wewe unanunua nguo mpya? Unataka tuzike tena?"

Aliweka kisu chini. Watu wake walivuka Ruvuma kukimbia vita, na Kiswahili alijifunzia ukubwani. Alikisema polepole, neno moja moja.

"Si ya kuvaa, mama."

"Ya nini basi?"

"Yule wa kwanza, sanda mliomba kwa jirani. Wa pili mlikata kanzu ya zamani ya marehemu baba. Huyu nataka awe na yake. Nimeuza mihogo, nimenunua."

Niliketi pale pale kwenye kinu. Kumbe mwenzangu naye alikuwa anamwandalia mtoto, na kitu alichokiona cha lazima ni hicho tu. Nilimwonea huruma. Na hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa sikujua nimkasirikie nani.

Nikachukua kile kisu cha mihogo. Nikatoboa pindo, nikavuta. Bafta ilichanika kwa sauti kubwa, kuku wakatawanyika. Nikachana tena, na tena, vipande vya nepi, hata kimoja kisiweze kumfunika maiti.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachana nepi."

"Lakini ni mpya. Wewe ndiye uliyesema kipya hakifai."

Alisema kweli. Uchovu ulikuwa umenipotezea akili. Nikatazama vile vipande mapajani mwangu, nikatamani kulala palepale uani nisiamke mpaka Idi.

"Basi navipeleka kwa Mwanakombo," nikasema. "Avipangusie vyungu, avipigie deki, afute makamasi ya wanawe. Vikichakaa nitakwenda kuviomba."

Nilivuta ndara zangu nivae, lakini mguu haukuingia. Nikajaribu wa pili, nao umejaa vile vile. Nikabaki nimeinama, ndara mkononi, machozi yananilengalenga.

Albertina akashika nguzo ya jiko akajiinua, tumbo limemtangulia. Alivikusanya vile vipande kimoja kimoja kutoka mapajani mwangu, akavipanga ndani ya kapu.

"Kaa, mama," alisema. "Mtoto ni wangu. Nitakwenda kuomba mwenyewe."

Akajifunga kanga, akajitwika kapu, akashika njia ya msikitini.