Mama Mmoja, Majalada Ishirini na Matatu

Kuna uonevu wa kukukasirisha, na kuna uonevu wa kukufanya utake kuvua kiatu umrushie mtu. Huu uliompata Jesca ulikuwa wa kiatu, nawaambieni.

Mwaka ule chuo chao pale Morogoro kilishikwa na wazimu wa kompyuta. Zilikuwa enzi za kila kitu tenda. Kampuni moja ya Dar ilishinda tenda, ikamleta kijana wa tai aitwaye Patrick, na ghafla ripoti za karatasi zikawa ushamba. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu alitakiwa awe na jalada la kielektroniki: kazi zake zote za vitendo, picha na maelezo, ziingizwe kwenye mtandao wa chuo, zikae humo hata mwajiri azione. Jambo zuri, nani kakataa? Ila wanafunzi walikuwa elfu mbili, na kompyuta za chuo kumi na nne, sita kati yake mbovu. Hilo hakuna mkubwa aliyeliuliza.

Basi watu wakahamia steshenari kwa Luqmani, ng'ambo ya geti. Utaratibu wa pale kila mtu aliujua. Unampa flashi, anahamishia kazi yako kwenye kompyuta yake, anaipanga, anarekebisha picha, unachukua flashi yako unaondoka. Kazi inabaki mle kwenye mashine. Nani angekumbuka kumwambia afute? Hata wahadhiri waliacha mitihani yao mle.

Jesca naye aliacha. Jalada lake lilihusu matuta ya ngazi, kilimo cha kwao Mgeta, huko juu Uluguru. Likizo nzima alilima na mama yake, Yuliana, kwenye shamba alilolipata mama kutoka kwa bibi, maana kwa Waluguru ardhi hupitia kwa wanawake. Alipima mteremko kwa kamba, akaandika kila tuta, akampiga mama picha kumi na moja kwa kamera ya kuazima: mama kainama na jembe, mama anafukia nyasi, mama anajifuta jasho. Mikono ilimtoka malengelenge, lakini alijua kazi hiyo ndiyo inampa digrii.

Siku ya mwisho ya kuingiza majalada, umeme ukakatika tangu asubuhi. Uliporudi zilibaki dakika ishirini. Jesca akaingiza lake, akashukuru Mungu.

Wiki iliyofuata akapewa barua. Jalada lake lilifanana na mengine ishirini na mawili, karibu neno kwa neno, picha kwa picha. Na kwa kuwa lake liliingia la mwisho, mfumo wa kina Patrick ulikuwa umemtambua yeye kuwa ndiye aliyeiba. Na wale wengine? Mfumo uliwahesabu kuwa walifanya kazi kwa kikundi, wakapita! Jesca angefika mbele ya kamati ya nidhamu baada ya wiki tatu. Akishindwa kujitetea, anafukuzwa chuo.

Alikwenda kwa Luqmani mbio.

"Kazi yangu umempa nani?"

"Dada, mimi nafanya biashara," Luqmani alisema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Mtu anakuja imebaki siku moja, hana kitu, anasema nitengenezee jalada. Nitalitoa wapi?"

"Ukawauzia langu!"

"Nilibadilisha majina. Na kijiji nikaweka Mikese."

"Njoo basi uwaambie kamati hivyohivyo."

"Thubutu! Wanifungie kibanda?"

Jesca alilia kwa hasira pale pale barabarani. Flashi yake ilikwishaliwa na virusi, kamera ilikwisharudishwa na kufutwa. Alibakiwa na shahidi mmoja tu duniani, akampigia simu.

Yuliana alishuka na lori la kabichi. Aliingia chumba cha kamati na kanga yake safi, matope ya Mgeta yangali kwenye kandambili, na katika wale wasomi watano, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumpa shikamoo. Jesca aliliona hilo, akauma midomo. Mwenyekiti, Dokta Thobias, alimwonyesha mama kiti cha pembeni karibu na mlango, kisha akatandaza mezani majalada ishirini na matatu yaliyochapishwa.

"Mama, unasemaje?"

Yuliana alisogea, akashika karatasi moja moja.

"Huyu ni mimi. Huyu ni mimi. Na huyu." Alifika ya saba, akachoka. "Wote hawa wanasema walikuja kwangu kulima? Nani aliwapikia?"

"Mama kuonekana pichani hakuthibitishi nani aliandika," akadakia Patrick, yule kijana wa tai, aliyekaa mwisho wa meza na kompyuta yake. "Mfumo haukosei."

"Mwanangu, sikuulizi wewe." Akamgeukia mwenyekiti. "Mwite mmoja wao. Aniambie jina langu tu. Sitaki kingine."

Akarudi kwenye kiti chake cha pembeni. Dokta Thobias alikuna kidevu, kisha akaagiza aletwe Idrisa, ambaye jalada lake ndilo lililopata alama za juu kabisa. Idrisa aliingia amenyoosha shati. Akampita Yuliana pale mlangoni, goti kwa goti, bila hata kumtazama.

"Mwanamke huyu wa pichani ni nani?" mwenyekiti alimwuliza.

"Ni mkulima, mzee. Wa Mikese."

"Umekaa naye muda gani?"

"Mwezi mzima. Ni kama mama yangu."

Yuliana akakohoa. Idrisa aligeuka, akamwona, akatazama picha, akamtazama tena.

"Hujambo, baba?" Yuliana alisema. "Mbona hata hukunisalimia?"

Dokta Thobias alivua miwani. Ilibidi akiri kwamba Jesca hana kosa, ila, akasema, alama ya wizi itabaki kwenye jalada, kwa kuwa mfumo ukishafunga haufunguliki.

"Basi mimi nakaa hapa," Yuliana alisema, akavua kandambili na kukunja miguu chini ya kiti. "Hadi ufunguke."

Wakatazamana. Mwenyekiti akamkazia macho Patrick. Patrick akavuta kompyuta yake, akabofya hapa, akabofya pale, akasema imefutika.

Dakika mbili! Wiki tatu mtoto wa watu hali wala halali, kumbe ni kazi ya dakika mbili!

Dokta Thobias alimgeukia Jesca akitabasamu, akangoja ashukuriwe. Jesca aliinama, akamvalisha mama yake kandambili, akamshika mkono, wakatoka.