Bega Moja la Komeo

Usiku wa jana niliota bunduki ya marehemu baba imekaa sebuleni kwenye kiti chake, inasubiri chai. Nikaimiminia. Ikanywa.

"Tluway anataka kunipeleka Arusha," ikasema, "nikanyooshwe."

Nilijua. Tluway ni mdogo wangu. Ndiye aliyerithi bunduki hiyo, na hushindana kulenga shabaha. Anasema imepinda tangu kiwandani: komeo, kile chuma kinachofunga risasi ndani, lina mabega mawili, lakini linagusa kwa bega moja tu. Fundi akilikereza, yaani akilikata kidogo kwa mashine, yatagusa yote mawili na risasi hazitatawanyika. Ila nyumbani kwetu chombo cha marehemu hakibadilishwi mpaka mtoto wa kwanza atoe neno. Mtoto wa kwanza ni mimi. Tangu tumzike baba sijaweza kusema ndiyo wala hapana.

"Wewe mwenyewe unataka?" nikaiuliza.

"Mimi ni bunduki, binti. Ongeza sukari."

Ukuta wa sebule unaondoka. Tuko karakana. Mashine ya kukereza imevaa miwani, inatafuna vumbi la chuma kama karanga.

"Sheria ni moja," inasema. "Kila kitu kifuate mstari wa mtutu."

Inafungua dirisha. Nje, barabara ya Babati inajinyoosha, kona zake zinadondoka pembeni kama maganda ya viazi. Mlima unaomba radhi, unasimama wima. Pembe za ng'ombe zinatazama mbele. Nilishika mdomo. Sikuwahi kuona dunia imetulia namna ile.

"Anayefuata!"

Anayefuata ni baba, ndani ya sare yake ya askari wa wanyamapori, ameinamia kulia vilevile alivyoinama tangu nyati amvunje nyonga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona umekonda? Tluway anakula na sehemu yako?"

"Mzee Amnaay, maongezi baadaye," inasema mashine, na inampaka rangi ya buluu mabega yote mawili. Kisha inanigeukia. "Mkumbatie. Bega litakaloacha rangi ndilo linalogusa. Hilo tutalikata mpaka la pili nalo liguse."

Nikamkumbatia. Alinukia tumbaku na mafuta ya bunduki. Sikutaka kumwachia. Nilipomwachia, rangi ilikuwa kwenye bega langu la kushoto tu.

"Bega moja," ikasema mashine, ikaanza kuzunguka. "Tukate."

"Itamsaidia nini?"

"Atakuwa sawasawa."

"Atalenga vizuri kuliko zamani?"

Mashine ikasita. Ilikuwa mashine mkweli. "Kidogo. Upana wa punje ya mtama. Kwa mtu mwingine, aliyenyooka, anayelenga amelalia magunia ya mchanga, hiyo punje ni kubwa. Kwa huyu, sijui."

Baba akacheka, akaichukua bunduki. Akainamisha kichwa kulia. Bunduki ikajilaza kushoto. Alipokuwa hai sikuwahi kuliona hilo: kupinda kwake na kupinda kwa bunduki kuliacha katikati njia nyembamba, iliyonyooka kabisa.

Anafyatua. Hakuna kishindo. Risasi inatoka ikitembea, kama mtu anayejua aendako, nasi tunaifuata. Inapita juu ya Ziwa Manyara, na ndege heroe wote, maelfu kwa maelfu, wanajigawa pande mbili kuipisha. Inapita katika wodi alimofia baba. Muuguzi anaitikia kwa kichwa: "Pita tu, unasubiriwa." Inaingia katikati ya jua, katikati hasa, na jua linalia taratibu, kama sufuria iliyoguswa na kijiko.

Nilikuwa nimepiga magoti. Sikumbuki nilipiga saa ngapi.

"Umeona?" baba akauliza.

"Nimeona."

"Basi toa neno."

"Isikatwe."

"Na Tluway mwambie anunue yake, aipinde mwenyewe."

Mashine ikavua miwani, ikazimika.

Niliamka jua limeshatoka. Tluway alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya safari.

"Dada, fundi ananisubiri. Leo unasemaje?"

"Isikatwe."

Nilidhani atabisha, maana Tluway hubisha hata na redio. Hakubisha. Alikuwa ananikodolea macho.

"Dada," akasema polepole, "hiyo buluu begani umeitoa wapi?"

Nikageuza shingo. Kwenye gauni langu la kulalia, bega la kushoto tu. Nikaigusa kwa kidole. Ilikuwa bado mbichi.