Maharage ya Mama Thacienne

Mama Anastasie alikuwa amechoka, na si kwa kubeba mbao. Duka lake la misumari na mabati lilimzoesha kubeba tangu alipohamia Masisi kutoka Butembo. Kilichomchosha ni moshi. Kila alipopanda kilima na wajitoleaji wake, kabla hajaona hata nguzo moja, aliona moshi nyuma ya migomba, akajua yule mama anapika tena.

Wajitoleaji hao walikuwa wa shirika, ile jumuiya ndogo ya parokia. Walikuwa wakijengea nyumba za mbao familia zilizorudi kutoka kambi za wakimbizi wa vita na kukuta majivu. Safari hii ilikuwa zamu ya Thacienne, mjane aliyerudi kutoka upande wa Mubambiro, akilala na watoto wake chini ya turubai lililochanika. Sharti lilikuwa moja, na Anastasie alilirudia mpaka mate yakamkauka: mjenzi hali kwa anayejengewa. Kila mtu aje na chakula chake.

Sasa, mwambie hivyo mtu wa vilima hivi! Huku watu wakija kukufanyia kazi, unawalisha. Wakiondoka na njaa, utauficha wapi uso wako?

"Mama Thacienne, si tulikuambia usipike?"

"Mulisema," Thacienne alijibu, mwiko mkononi. "Mi njo sikukubali. Bantu batumike kwangu na njala? Mi niko muntu wa namna gani?"

Tangu habari za sufuria zienee, wajitoleaji waliongezeka. Kazi haikuongezeka. Walikuja hata watu wasiojua misumari inashikwa upande gani, eti kusalimia tu. Damascène seremala, fundi hodari kweli, alikuwa akishuka kutoka paani mara tu kifuniko kinapoinuliwa. Wakishiba, hadithi. Baada ya hadithi, wimbo. Baada ya wimbo, macho mazito. Na paa bado lilikuwa wazi, mvua nazo zimeshaanza kunyesha upande wa Walikale.

Siku moja uvumilivu wa Anastasie ulikwisha. Watu walipokuwa wakila, alizunguka nyuma ya migomba kuuzima moto kwa mikono yake mwenyewe. Hapo akakiona kifuko cha maharage, kimebaki nusu, na maharage yenyewe yamepakwa majivu. Akasimama. Maharage ya kula hayapakwi majivu. Yanayopakwa ni ya mbegu, yasiliwe na wadudu mpaka siku ya kupanda. Na shamba la Thacienne lilikuwa pale pale chini, limeshalimwa, linasubiri.

"Mama, hii si mbegu?"

Thacienne, aliyekuwa hapo akichochea kuni, alikifunga kifuko. "Dada yangu wa Kirotshe alinipatia. Nitaomba ingine."

"Na akikosa? Batoto batakula nini?"

Thacienne alikiweka kifuko kwapani. Anastasie alirudi kwa wajenzi kwa hasira.

"Munajua munakula nini?"

"Maharagi ya paroisse," alisema Damascène, kinywa kimejaa. "Si padiri njo anatumaka?"

"Padiri gani? Ni mbegu ya huyu mama! Mbegu ya bale batoto njo munameza!"

Vijiko vilisimama. Wote walikuwa wameamini hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza. Damascène aliweka sahani kwenye majani, akapanda juu ya paa.

Siku ya kazi iliyofuata, kila mmoja alikuja na maharage ya mbegu yaliyofungwa kwenye kitambaa. Thacienne aliyapokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Anastasie alishusha pumzi: mambo yamekwisha. Akateremka barabarani kupokea mabati. Alipopanda tena, moshi.

"Thacienne! Umepika mbegu ya bantu!"

"Bamekuya nayo kwangu. Mbegu ao chakula, kwangu bantu banakula."

Anastasie aliketi juu ya mbao, mikono kichwani. Alitamani kulia, alitamani kumpiga mtu, na hakujua ampige nani. Thacienne alisimama mbele ya Damascène na sahani mpaka maskini akala, macho chini, kama anameza dawa.

Kwa hiyo mara ya tatu Anastasie hakumwambia mtu asipike. Aliwaleta alfajiri na majembe, na mbegu zilizotoka stoo yake mwenyewe, wakaingia shambani bila kubisha hodi. Thacienne alipotoka kwenye turubai, mstari wa mwisho ulikuwa unafukiwa.

"Munafanya nini mu shamba yangu?"

"Tunapanda," Anastasie alisema, mgongo bado umeinama. "Leta sufuria sasa. Uchimbue moja moja, upike."

Watu walicheka. Thacienne hakucheka. Aliutazama udongo, akawatazama wao, jasho likiwatiririka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kitu cha kuweka mbele yao. Alisimama kama mgeni kwenye shamba lake mwenyewe, mikono haijui iende wapi. Anastasie alikuwa amekuja kushinda, na ushindi ulimkaa vibaya rohoni. Vita vilimnyang'anya mama huyu nyumba. Kulisha watu ndicho kitu pekee alichobaki nacho, na sasa yeye Anastasie, mtu wa parokia, amekichukua.

"Mama," akasema taratibu, "niko na kiu."

Thacienne karibu akimbie. Alileta maji kwenye kikombe cha bati, akawanywesha wote, mmoja mmoja, hata waliokuja na chupa zao. Alipofika kwa Anastasie hakukiachia kikombe.

"Maharagi yakiiva, mutakuya kula. Bote. Na wewe usikuye na chakula yako mu kitambaa."

"Mama, ile itakuwa ya batoto..."

"Mutakuya?"

Anastasie aliwatazama wajenzi wake, kila mmoja ameangalia pembeni, hakuna hata wa kumsaidia.

"Tutakuya," akasema kwa hasira, akanywa maji yote.